Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Maji yalipoingia kwetu hayakupita mlangoni. Mlangoni tulikuwa tumejipanga: blanketi kuukuu tumelikunja na kulisokomeza chini ya ubao, juu yake mfuko wa mchanga, mke wangu kashika simu ananimulikia, mimi nimepiga magoti nashindilia kama fundi aliyelipwa vizuri. Tukiwa hapo tunapongezana, binti yetu akatoka chumbani anafikicha macho.

"Baba, choo kinatapika."

Kweli kilikuwa kinatapika. Kwenye tundu la sakafu ya bafu maji meusi yalikuwa yanabubujika taratibu, bila kelele, na yalishavuka kizingiti kuja koridoni. Mpaka leo nikikumbuka, kinachonikera zaidi ya harufu ni ule utulivu wake. Sisi tumekodoa macho mbele tunalinda geti, mgeni kashapitia uani na kuketi.

Baadaye fundi bomba alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningeliacha lile blanketi kabatini. Mabomba ya maji taka yakizidiwa na mvua, yaliyomo hurudi nyuma, na hutokea kwenye tundu lolote lililo chini kuliko usawa wa maji: choo, bafu, sinki la kufulia. Ipo vali inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na fundi huifunga kwenye bomba linalotoka nyumbani. Asiye nayo anaweza kujaza mchanga kwenye mfuko imara wa plastiki akaukandamiza juu ya tundu la sakafu, na mwingine ndani ya bakuli la choo. Haitakusaidia kwa siku tatu, lakini itakupa nusu saa, na usiku wa namna ile nusu saa ni mali. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakutuachia neno kuhusu yale yanayokuja yenyewe mpaka sebuleni.

Nisieleweke vibaya, sikuwa mzembe. Au ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa na begi la dharura. Miaka miwili kabla ya usiku ule nilisoma orodha mahali fulani, nikanunua vitu, nikavipanga, nikavipiga na picha, kisha nikalisukumia begi juu ya kabati na kuanza kutembea kifua mbele. Nilipolishusha usiku ule, betri zilikuwa zimevujia ndani ya tochi na kuota unga mweupe. Nguo za binti yangu zilikuwa za mtoto wa miaka minne, na yeye alikuwa na sita. Dawa za maumivu zilishapita muda wake. Biskuti hazikuwemo, lilikuwemo karatasi lake tu, na hadi sasa hakuna aliyekiri.

Lakini hata begi lingekuwa limekamilika lisingetufaa kitu, maana tulichokosa hakikuwa vitu. Tulipoteza dakika 40. Nimezihesabu kwa meseji nilizomtumia kaka yangu usiku huo. Ya kwanza: maji yameingia. Ya pili, dakika 40 baadaye: tunatoka. Hapo katikati tulifanya nini? Tulinyanyua friji tukaipandisha juu ya meza. Tukabishana. Mke wangu alitaka tuondoke palepale, mimi nikasema tupe robo saa huenda mvua ikakatika. Mama yangu, ambaye umri wake umeshapita 70, alikaa kitandani kapandisha miguu, shuka mabegani.

"Nendeni nyie, baba. Mimi nimeona mvua nyingi kuliko hizi."

"Mama, twende tu."

"Twende wapi?"

Nikakosa jibu. Swali rahisi kabisa, na hatukuwahi kulijibu hata siku moja jua likiwa linawaka.

Tulipokubaliana hatimaye, mlango wa mbele ukagoma. Unafungukia nje, na maji ya nje yalikuwa yameshauegemea. Tukageukia mlango wa nyuma. Huo una geti la chuma lenye kufuli, na ufunguo wa kufuli huning'inia kwenye msumari ukutani, nyuma kidogo ya friji. Sasa friji tulishaipandisha mezani, na katika kuisukuma tuliukwangua msumari. Ufunguo ulikuwa majini, popote pale, na umeme umekatika.

Niliupata kwa vidole vya mguu. Maji yalinifika gotini, nikawa napapasa sakafu kwa unyayo, kigae baada ya kigae: mfuniko wa sufuria, kijiko, kitu laini ambacho sikutaka kukijua, kisha kipande chembamba cha chuma. Nikakikanyaga nisikipoteze, nikainama mpaka kidevu kikagusa maji. Kufuli lilifunguka mara ya tatu. Mbili za kwanza nilikuwa nachomeka ufunguo kinyume.

Tulitoka salama wote wanne, na hicho ndicho kitu pekee kilichokwenda vizuri. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchosha kwenye mada hii. Ndugu zangu wakiniona nimeanza kutazama mawingu hubadilisha mazungumzo. Ninachowaambia, wale wanaovumilia, ni kwamba nyumba huandaliwa kwa maamuzi kwanza, vitu baadaye. Begi linaweza kujazwa jioni moja. Kuamua nani atasema "tunaondoka", lini, kwenda wapi na kwa njia ipi, hilo haliwezi kufanywa na watu wenye hofu waliosimama kwenye maji machafu.

Kuna mfano ambao huwa siuchoki. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la Bahari ya Hindi lilipopiga, kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia kilikuwa miongoni mwa sehemu za karibu kabisa na kitovu chake. Tsunami iliwafikia ndani ya dakika chache. Hakukuwa na king'ora wala tangazo. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa walikuwa 7. Mwaka 1907 wazee wao walipigwa na wimbi kama hilo likaua watu wengi, na waliosalia wakalipa jina, smong, wakawa wanalisimulia na kuliimba kwa watoto na wajukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani. Karibu karne nzima ikapita. Siku ilipofika, mtu alipaza sauti "smong!" na watu wakapanda. Hakuna aliyeuliza twende wapi. Jibu lilikuwa limetolewa na bibi zao.

Upande wa pili wapo watu wa Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024. Tahadhari iliyotumwa kwenye simu zao ilifika saa 2 usiku na dakika kadhaa, wakati miji mingi jirani ilikuwa imeshafunikwa. Zaidi ya watu 220 walikufa, na baadhi yao walikutwa na maji kwenye maegesho ya chini ya majengo, walikoshuka kuokoa magari. Nimesikia watu wakiwacheka. Mimi siwezi. Mimi ndiye niliyenyanyua friji.

Na Uholanzi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilibomoa kingo zake wakati redio za taifa zilikuwa zimefunga matangazo mpaka asubuhi, kama ilivyokuwa kawaida ya siku hizo. Watu 1,836 walikufa, wengi walikuwa wamelala. Siku hizi redio hazilali, ila sisi tunazima simu. Nyumbani kwetu kwenye msimu wa mvua simu moja hulala na sauti juu, kwa zamu. Mke wangu anadai zamu zake ni nyingi kuliko zangu. Ana haki.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tuchore mstari. Ni mstari mwekundu wa rangi ya mafuta, upana wa vidole viwili, na mwanzoni niliuchora pasipofaa: kwenye nguzo ya baraza, usawa wa ngazi ya pili. Nilifikiri kama anavyofikiri kila mtu, kwamba hatari inaanza maji yakikaribia mlango. Kisha siku moja ya kiangazi nilitembea njia tuliyopita usiku ule, taratibu, nikitazama chini. Hatua kama 60 kutoka kwetu njia inazama kidogo, kibonde ambacho ukiwa na haraka zako za asubuhi hukioni. Nikachukua mti mrefu na mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, kwa sababu maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja ncha zote mbili hata ukikosa vifaa vya upimaji. Kibonde kilikuwa chini ya ngazi yetu kwa zaidi ya nusu mita. Maana yake, maji yakigusa ngazi ya pili mlangoni, kule kibondeni yameshafika kwenye mapaja ya mtu mzima, na binti yangu yangemfika kifuani.

Na hayo ni maji yaliyosimama. Yanayokimbia ni habari nyingine. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo, na 60 huondoka na magari mengi, yakiwemo yale makubwa ambayo wenye nayo hujiona wako juu ya sheria za maumbile. Sababu haina uchawi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Juu ya hapo huoni unachokanyaga: mtaro umeachwa wazi, chemba imenyanyuliwa mfuniko na presha ya maji. Ndiyo maana nikaufuta mstari barazani na kuuchora kwenye nguzo ya kona, mahali ambapo maji yakiugusa, yale ya kibondeni bado yako chini ya kifundo cha mguu. Unaonekana kutoka dirisha la chumba cha mama ukimulika tochi. Mstari wa kuondoka hupimwa pale njia yako inapozama zaidi.

Hilo la dirisha la mama tulilichagua makusudi. Tulijadili nani awe na sauti ya mwisho, na mke wangu akasema, bila kunitazama, kwamba asiwe mtu anayependa kusema tupe robo saa. Tukampa mama. Yule aliyegoma kitandani ndiye sasa mwenye amri. Nilidhani atakataa, kumbe alichokuwa anakataa usiku ule ni kubebwa kama mzigo. Mama akisema "twende", hakuna mjadala, hata kama amekosea. Tulikubaliana hivyo mbele ya mtoto ili awe shahidi, na watoto ni mashahidi wabaya sana kwa mtu anayetaka kukiuka makubaliano.

Swali la twende wapi tumelijibu mara mbili, kwa sababu jibu moja linaweza kufungwa na barabara. La karibu ni kwa jirani mwenye ghorofa, kwa miguu, na tumeshamwomba ruhusa tukiwa wakavu. La mbali ni kwa kaka yangu. Yeye pia ndiye kituo chetu cha habari: tukipotezana, kila mmoja anamtumia meseji yeye, hatupigiani sisi kwa sisi. Mitandao ikizidiwa, simu za sauti hukwama wakati meseji fupi bado inapenya, tena haili chaji. Namba yake binti yetu ameikariri kwa kuiimba. Simu ikizima, namba iliyo ndani yake haikusaidii, na nilipojipima mwenyewe niligundua sikuwa naijua namba ya mtu yeyote kwa kichwa isipokuwa yangu.

Neno kuhusu kupanda juu. Kama njia imeshafungwa, juu ndiko kwenyewe, lakini pawe mahali unapoweza kutokea. Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans mwaka 2005, wapo waliokimbilia darini wakajikuta paa limewafungia, maji yakipanda chini yao. Dari lisilo na dirisha ni mtego. Paa lenye ngazi, ghorofa yenye roshani, hapo sawa.

Sasa vitu. Kosa langu la zamani lilikuwa kudhani ni furushi moja, wakati ni mawili, na yanapingana. Kuna la kuondokea na kuna la kubakia. Chukua maji ya kunywa na ya matumizi ya lazima: hesabu ya kawaida ni lita 4 hivi kwa mtu kwa siku, angalau kwa siku tatu. Sisi tuko wanne. Hiyo ni lita 48, nazo ni kilo 48. Begi gani hilo? Kwa hiyo maji ya akiba ni ya kubakia, yanakaa kwenye madumu safi yenye mfuniko, juu ya usawa wa mafuriko, na kila baada ya miezi sita tunayatumia kufulia na kujaza mengine. Begi la mgongoni linabeba chupa moja kwa kila mtu, basi.

Na dumu likiisha? Bomba likirudi kutoa maji baada ya mafuriko usiliamini kwa uso wake mzuri. Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika: yakishatokota kwelikweli, dakika 1 inatosha, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kama hakuna moto, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inafaa, ile isiyo na manukato wala rangi: yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, matone 2 kwa lita 1, koroga, subiri dakika 30. Maji yawe yamechujwa kwa kitambaa safi kwanza kama ni machafu, na yakibaki na ukungu ongeza matone mara mbili. Yakiwa na harufu ndogo ya klorini baada ya nusu saa, hiyo ni habari njema. Lakini hayo yote ni dhidi ya vijidudu. Maji yaliyochanganyika na mafuta ya magari au dawa za mashambani hayatengenezeki jikoni kwako, kwa moto wala kwa matone.

Begi la kuondokea sasa ni jepesi kuliko lile nililopiga picha. Dawa za presha za mama za wiki mbili, na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa zake, kwa sababu "kile kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii mfamasia yeyote. Miwani yake ya akiba. Hati na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa, na picha zake nimezihifadhi pia kwenye barua pepe. Pesa taslimu za noti ndogondogo, maana umeme ukikatika malipo ya simu na kadi hukatika nao. Chaja, betri ya kuchajia simu, filimbi. Viatu vyenye soli ngumu vimefungwa kwa kamba kwenye mpini wa begi, kwa kuwa usiku ule mimi na mke wangu tulitoka na kandambili, zote nne zikaenda zake kabla hatujafika kibondeni. Betri za tochi hukaa nje ya tochi, kwenye mfuko wao. Begi hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa siku ya kuzaliwa binti yetu, ndiyo njia pekee niliyopata ya kukumbuka kwamba miguu yake inakua.

Ufunguo wa geti la nyuma umehama. Upo ndani, karibu na mlango wenyewe, usawa wa kifua cha mtoto, mbali na mkono wa mtu aliye nje, na kamba yake ni ya rangi inayong'aa ukiimulika. Hapa naomba nitoke kidogo kwenye maji. Nondo na makufuli tunayojifungia dhidi ya wezi hutufungia na sisi, na moto hausubiri mtu apapase kwa vidole vya mguu. Kila chumba cha kulala kinapaswa kuwa na njia mbili za kutokea, na ile ya pili ifunguke kwa ndani, gizani, na mtu asiye na nguvu. Tulikata nondo za dirisha la binti yetu na kuweka fremu ya bawaba. Nilimwambia fundi aifunge vizuri, kisha nikamwambia mtoto aifungue. Akashindwa. Fundi akarudia kazi. Moshi huwahi kumfikia mtu kabla ya moto, kwa hiyo ni kutambaa chini ambako hewa ina nafuu, kugusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua, na ukitoka umetoka, harudi mtu ndani. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, mfuniko juu na zima jiko. Maji kamwe.

Umeme nao. Swichi kuu huzimwa maji yakiwa bado nje, na mkono mkavu, ukiwa umesimama pakavu. Ukichelewa, maji yakifika kwenye soketi au pale swichi ilipo, iache. Hakuna friji inayostahili hilo. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye vali yake na ufungwe kamba ukutani, maana mtungi huelea ukaenda na maji na kukata mpira wake. Wenye jenereta waiweke nje kabisa, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu huona usingizi tu. Vivyo hivyo jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kurudi ndiko kulikonitoa machozi, nakiri. Tope lilikuwa la kifundo cha mguu, laini kama uji, na kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake kwa namna ya mzaha: sofa limesimama wima, friji yetu shujaa imeanguka kutoka mezani na kulalia mlango wake. Sikujua kwamba ningepaswa kupiga picha kila kitu kabla ya kugusa, kwa ajili ya bima, na kuchora alama ya maji yalipofikia ukutani. Niliingia na fagio. Nilijikata unyayo kwenye kipande cha bati siku ya kwanza, nikachomwa sindano ya pepopunda. Siku hizi buti za mpira na glavu ziko kwenye furushi la kubakia. Maji ya mafuriko hubeba kinyesi, mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda, na wakati mwingine nyoka aliyejipatia hifadhi ndani ya kabati lako la nguo. Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo kilitupwa, isipokuwa makopo ambayo hayajabonyea wala kuvimba, yaliyooshwa na kutakaswa kwa klorini. Vya kwenye friji, hata kama friji haikulowa, vina saa 4 tu tangu umeme ukatike, mlango ukiwa umefungwa. Friza iliyojaa hufika saa 48.

Binti yangu alishikwa na tumbo la kuhara siku ya nne. Hatukuwa na pakiti za dawa ya kuongezea maji mwilini. Muuguzi alitufundisha pale pale, na nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi. Anywe kidogokidogo, hata akitapika aendelee, na akilegea sana au macho yakizama, mbio kwa daktari.

Yote hayo tukayaandika, tukayapanga, na nilikuwa karibu kupanda tena na begi juu ya kabati. Mke wangu ndiye aliyesema tujaribu. Usiku, taa zote zimezimwa, bila kumwambia mtu siku. Mara ya kwanza tulitumia dakika 11, na nne kati ya hizo ni mimi natafuta miwani yangu. Binti yetu alitoka na sanduku la midoli lakini bila viatu. Mama alitoka wa kwanza, kimya, akasimama uani na fimbo yake kama mwalimu wa zamu. Mara ya tatu tulifika dakika nne na nusu. Sasa tunapita na kugonga kwa mzee wa jirani, anayeishi peke yake na hasikii vizuri. Amempa mama namba yake na ufunguo wa akiba.

Msimu uliopita mvua ilirudi. Saa 8 usiku nilisikia fimbo ikigonga ukuta wa chumba chetu, mara tatu. "Umeguswa," mama alisema mlangoni, begi mgongoni. Nilitaka kwenda dirishani kuhakikisha. Mke wangu alinipitia na kuzima swichi kuu. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukamgongea mzee, tukavuka kibonde maji yakitulamba vifundo, tukapanda kwa jirani mwenye ghorofa ambaye alitufungulia akiwa bado anasinzia.

Maji hayakuingia. Yalipita mstari kwa kiganja kimoja, yakasimama, yakarudi yalikotoka. Asubuhi tulikuta nyumba kavu kama tulivyoiacha, mifuko ya mchanga imelala kwenye matundu ya bafu bila kazi, na mimi nikajisikia mjinga kidogo kwa kumwamsha jirani wa watu. Mama hakuonekana kujisikia chochote. Alikaa sebuleni, akamimina vitu vya begi lake mezani na kuanza kuvikagua kimoja kimoja: dawa, miwani, filimbi. Kisha akashika mfuko mdogo wa plastiki, akaugeuza juu chini. Mtupu.

"Nani amechukua betri zangu?"

Binti yangu akatazama dari. Chumbani kwake gari la mdoli lilikuwa bado linalia.